Swali Lililofia Mlangoni

Habari njema ilimkuta Inspekta Tuseme hata koti hajavua. Daktari wa zamu alipiga simu kituoni kusema kwamba yule mama amefumbua macho, amekunywa chai, na sasa anataka kujua nani amemvua hereni zake bila ruhusa. Mtu anayedai hereni, alisema daktari, hafi leo. Sajenti aliyepokea simu alicheka peke yake, kisha akanyamaza, maana palikuwa na mtu pale kituoni aliyeihitaji habari hiyo kuliko wote, naye alikuwa mahabusu.

Tuseme si jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walimbandika kwa sababu hakuweza kumhoji mtu bila kuanza na neno hilo. Tuseme ulikuwa jikoni. Tuseme mlango haukufungwa. Hata wezi wa kuku walimjua kwa jina hilo, na wale waliokamatwa naye zaidi ya mara moja walimjibu kabla hajafika kwenye swali lenyewe.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuchukua kitambaa na kufuta neno "mauaji" ubaoni. Kazi hiyo ilimfurahisha, kwa nini aseme uongo. Lakini "jaribio la kuua" lilibaki, na mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa amri: jalada liende kwa mwendesha mashtaka jioni ileile. Likishafika huko, mshukiwa angepelekwa gerezani kungojea kesi, na kesi za namna hiyo mtu huzingoja mpaka akaota mvi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama huyo, mjane, aliishi kwa binti yake na mkwe wake. Jumatatu asubuhi binti alimkuta sakafuni chumbani mwake, hana fahamu, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na mashine mpya ya hewa ukutani inanguruma taratibu. Hospitali wakakuta damu yake imejaa ile sumu ya moto uliokosa hewa, ile isiyo na rangi wala harufu, inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa. Tatizo ni kwamba chumbani hapakuwa na jiko. Hapakuwa na mshumaa. Palikuwa na mashine tu, na aliyeichagua ni mkwe.

Ndipo akatokea kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mama, mfanyabiashara wa mbao mwenye sauti iliyozoea kushindana na misumeno. Alimweleza mkuu wa kituo kwamba shemeji yake ni mwalimu wa kemia na sumu hiyo anawafundisha watoto darasani. Tena jirani alimwona Jumamosi, mchana kweupe, akipuliza povu la kuzibia kwenye matundu ya ukuta wa chumba cha Mama. Hapo mkuu wa kituo hakutaka kusikia zaidi.

Mwalimu aliletwa akiwa na shati la kazini, chaki bado iko kwenye mkono wa shati. Tuseme alianza kwa kumwambia kwamba Mama ameamka. Yule bwana alifunika uso kwa viganja akalia waziwazi, akamshukuru Mungu, akalia tena. Tuseme alisubiri. Alishawaona wanaolia kwa furaha, na alishawaona wanaolia kwa kuogopa mgonjwa atasema nini, na machozi ya wote ni ya chumvi.

"Tuseme wewe ndiye mimi," alisema. "Mtu anafundisha habari za gesi yenye sumu. Anaziba matundu ya chumba cha mama mkwe wake. Siku ya tatu mama anaokotwa sakafuni, na sumu ni ileile. Utamkamata nani?"

"Nitajikamata mimi," alisema Mwalimu.

"Sawa. Sasa jitetee."

Akajitetea kwa namna ya walimu, yaani akafundisha. Mji wao hauna hali ya hewa, alisema, una vituko. Alfajiri ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa, mchana jua linaliza mabati, alasiri mvua ya baridi. Mama ana magoti mabovu na baridi ilikuwa inamtesa. Miezi mizima alipima lipi linafaa. Hita ya nyaya hupasha haraka lakini hubugia umeme, na mchana haikusaidii kitu. Mwisho akachagua mashine ya njia mbili, ambayo haichomi chochote: asubuhi inachota joto la nje na kulileta ndani, mchana inageuka na kulitoa. Hula umeme kidogo kwa sababu hailitengenezi joto, inalihamisha tu. Ila mashine ni nusu ya kazi. Ukiweka mashine katika nyumba yenye nyufa ni kuteka maji kwa pakacha. Kwa hiyo akatandika blanketi la nyuzi juu ya dari, akabandika mipira kwenye madirisha, akaziba matundu ya ukuta kwa nje.

"Mangapi?"

"Yote niliyoyaona. Moja lilikuwa na ncha ya bomba la zamani."

"Bomba la nini?"

"Sikujua. Lilikuwa na kutu, nikajua limekufa."

"Ndani linatokea wapi?"

"Upande wa chumba cha Mama."

"Na hukuingia kuangalia?"

Mwalimu alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo. "Afande, ni chumba cha mama mkwe wangu."

Tuseme akataka kujua wameishi nyumba moja muda gani. Miaka sita. Na katika miaka hiyo sita hajawahi kuingia? Hajawahi. Mwisho wake ni mlangoni. Akiwa na la kumwambia humpitishia mkewe, na yeye Mama akiwa na la kumwambia hulipitisha njia hiyohiyo. Sajenti, aliyekuwa akiandika, alitikisa kichwa kukubali. Yeye alikuwa na mkwe wake pia. Tuseme hakuwahi kuoa, na mambo ya wakwe aliyajua kwa kuhadithiwa tu. Akakifunga kikao, akavaa tena lile koti, akatoka na Sajenti.

Nyumba ilikuwa ya kawaida, ukuta mweupe, bustani ndogo ya maua yaliyotunzwa. Getini walimkuta kaka mkubwa ameshafika, na ngazini walimkuta fundi wa viyoyozi ameketi na sanduku lake la vifaa, uso umemsawajika. Tangu Jumatatu mtaa mzima ulikuwa ukisema mashine yake inaua watu. Wateja walikuwa wakimpigia aende akazing'oe.

Tuseme akamwambia aipime mbele ya macho ya wote. Fundi akafunga saa zake za kupimia kwenye mabomba ya mashine, akangoja, akasoma. Gesi yote ilikuwemo. Akaeleza kwamba hata ingevuja isingekuwa ile iliyokutwa kwenye damu. Hiyo huzaliwa na moto, na ndani ya mashine hamna moto hata wa kuwashia sigara. Tuseme akampigia daktari, na daktari akasema ndivyo. Basi mashine haikuwa na hatia, na aliyeifunga hakuwa na hatia. Fundi alikaa tena ngazini, akaomba maji ya kunywa, akamaliza bilauri mbili bila kuvuta pumzi.

Maji yalipomrudishia ulimi, alisema mambo mawili. La kwanza, mwanzoni alimshauri Mwalimu anunue hita ya gesi ya kuweka chumbani, ni rahisi na inapasha vizuri, lakini Mwalimu alikataa katakata: hataki moto ndani ya chumba cha Mama, una sumu.

"Mmeona?" alisema kaka mkubwa. "Anaijua."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ushahidi huo ulikata huku na huku, na Tuseme hakuupenda.

La pili, kabla ya kuziba, fundi aliuliza swali analomuuliza kila mteja: kuna chochote kinachowaka mle ndani, jiko, taa ya mafuta, hita? Kuziba chumba chenye moto ni kuchimba kaburi. Mwalimu alisema hajui, akaenda ndani kumuuliza mkewe, akarudi na jibu: hakuna.

Tuseme akalitia hilo akilini na kumfuata binti wa Mama chumbani. Alikuwa mwanamke mpole, macho yamevimba kwa kulia pande mbili, kwa mama na kwa mume. Akaonyesha palepale alipomkuta mama yake, kati ya kitanda na pazia refu la ukutani. Amevaa gauni la ndani, kanga begani. Alikuwa ameloa jasho, nywele mbichi kabisa. Binti alidhani mashine imezidisha joto.

Tuseme aliwasha mashine akasimama chini yake. Upepo ulitoka wa vuguvugu na mkavu, dakika chache tu ukamkausha midomo.

"Tuseme ni jasho," alisema. "Lilinukia nini?"

Binti alifikiri. Kisha akasema polepole kwamba lilinukia sabuni.

"Mama huoga asubuhi?"

Hapana, asubuhi haogi, baridi kali. Huoga jioni. Mume wake humchemshia maji na kumwekea ndoo mlangoni. Ni kazi yake kila siku akitoka shule, hajawahi kuiacha hata siku moja.

Tuseme akavuta lile pazia. Nyuma yake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango bafu dogo la vigae vyeupe. Juu ya sinki ilining'inia hita ya maji ya gesi, ya kizamani, yenye bomba lake la moshi linalopenya ukutani. Binti akasema haraka kwamba hiyo ni mbovu, walihamia wakaikuta imekufa, imeachwa ukutani kwa kuwa kuing'oa kungevunja vigae. Tuseme aliinama akasogeza kapu la nguo chafu chini ya sinki. Palikuwa na mtungi wa gesi, umefunikwa kwa taulo, na mpira uliotoka kwenye mtungi kwenda kwenye hita ulikuwa mpya, unang'aa.

Walifungua madirisha na milango yote. Tuseme aliwatoa watu nje akabaki na fundi. Fundi akawasha. Mwali, ambao ungetakiwa kuwa wa buluu na kutulia, ulitoka wa manjano ukichezacheza. Akaweka kiganja chini ya kifuniko cha hita, akakiondoa upesi, akasema moshi haupandi, unarudi ndani. Akazima. Wakazunguka nje. Ncha ya bomba la kutu ilikuwa imejaa povu lililokauka, gumu, limepindukia ukingoni kwa wingi.

Sasa ilikuwa wazi kilichomwangusha Mama. Alijifungia, akaoga maji ya moto, moshi ukakosa pa kutokea, na chumba kilichozibwa vizuri hakikumwachia hata ufa wa kumwokoa. Aliyeziba ni Mwalimu.

"Nilisema mimi," alisema kaka mkubwa, na binti akaketi chini palepale kwenye nyasi.

Sajenti alikuwa amekwenda kwa jirani, fundi cherehani ambaye dirisha lake linatazama ukuta huo. Akarudi na maelezo. Jirani alimwona Mwalimu kweli, juu ya stuli, na kopo lake, akiimba. Tena alimsalimia na kumuuliza kama na yeye anataka kuzibiwa nyufa, povu limebaki. Jirani mwenyewe alisema, mtu anayeua ataimba?

"Huimba sana tu," alisema Tuseme. "Nimemkamata mmoja aliyekuwa na sauti nzuri kuliko ya redio."

Akavuta stuli akakaa. Kuziba bomba halikuwa jambo la kubishaniwa tena. Lililobaki ni moja: Mwalimu aliziba huku akijua hita inafanya kazi, au hakujua? Kama alijua, jalada liende hata sasa. Kama hakujua, kuna mtu anaozea ndani bure. Na njia ya kulijua hilo ilikuwa kulifuata lile swali la fundi, hatua kwa hatua, mpaka lilipoishia. Fundi alilitoa, Mwalimu akalipokea, akalipeleka kwa mkewe.

"Mumeo alipokuja kukuuliza kama kuna moto chumbani kwa Mama," alimuuliza binti, "ulikwenda kumuuliza Mama?"

Binti aliangalia nyasi.

"Alikuwa amejipumzisha. Nikaona nisimsumbue. Nilijua hakuna."

"Kwa hiyo ulijibu wewe."

"Nilijibu mimi."

Basi swali lilifia pale, mlangoni kwa Mama, nalo halikupigwa na mtu. Tuseme akageukia upande wa pili. Je, tangu aamke, nani amemuuliza Mama mwenyewe kilichotokea? Kaka mkubwa akaeleza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mgonjwa hasumbuliwi. Walipokwenda kumwona asubuhi hiyo walimwambia ni presha tu ilipanda. Habari za sumu hajaambiwa. Na habari za mkwe wake?

"Tumemwambia ameitwa semina."

Tuseme alikasirika, na alipokasirika hakupaza sauti, alihesabu vifungo vya koti lake. "Nyinyi watu mtamfunga mtu kwa adabu," alisema. "Mmoja haingii, mwingine hasumbui, wa tatu hasemi. Twende hospitali."

Kaka mkubwa alisimama njiani. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba baada ya baba, na hakuruhusu mama yake ahojiwe na polisi kitandani. Presha ikipanda kweli nani atajibu? Tuseme akamwambia hoja hiyo ni ya maana, ndiyo sababu yeye kaka atakuja pia, akae karibu, amshike mama yake mkono. Daktari akisema hapana, watarudi. Kaka akaenda kuwasha gari lake.

Daktari alisema ndiyo. Tena alisema wakimchelewesha Mama atatoka mwenyewe kutafuta hereni.

Mama alikuwa ameketi, amejifunga kilemba vizuri, hereni zimeshapatikana. Tuseme alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Hakuzunguka. Alimweleza kwamba haikuwa presha, ni moshi wa hita ya maji. Kaka mkubwa alikaza mkono wa mama yake akingoja presha. Presha haikuja. Mama alisema tu "ahaa," kama mtu aliyepewa jina la mtu aliyemsahau.

"Tuseme ile hita ilikuwa mbovu," alisema Tuseme. "Nani aliifufua?"

"Mimi," alisema Mama.

Alimwita fundi bomba miezi kadhaa iliyopita, siku ya shule, binti yake akiwa kazini. Akamwambia afanye haraka na aondoke kabla mkwe hajarudi. Hakumwambia mtu.

"Kwa nini, Mama?"

Mama akatazama pembeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona haya.

"Kwa ajili ya ndoo," alisema. "Mkwe wangu anabeba ndoo ya maji yangu ya kuoga. Mwalimu mzima, watoto wa watu wanasimama akiingia darasani, anarudi amechoka, anachemsha maji ya mkongwe, anayaleta mpaka mlangoni. Aibu gani hiyo? Nikasema nijitafutie maji yangu mwenyewe, nimpumzishe."

"Lakini ndoo ameendelea kuileta."

"Ningeikataaje? Angesema nimemkasirikia. Naipokea, nafulia."

Sajenti aliinamisha uso kwenye karatasi zake ili asionekane anacheka. Tuseme hakucheka, bado alikuwa na swali moja, na lilikuwa ndilo. Je, kuna njia yoyote mkwe wake angeweza kujua hita inawaka? Labda aliisikia ikinguruma?

Haiwezekani, alisema Mama. Huoga asubuhi, baada ya kusikia geti limefungwa na gari limeondoka, binti naye akijiandaa kwenda kazini. Mkwe akiwa nyumbani haigusi. Jumamosi na Jumapili haigusi kabisa. Tuseme akaunganisha: matundu yalizibwa Jumamosi, Mwalimu akashinda nyumbani siku mbili, hita ikalala. Jumatatu gari likaondoka, Mama akawasha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu bomba lizibwe. Ndiyo maana alioga miezi yote hiyo salama akaanguka siku hiyo. Akatoka ukumbini kumpigia fundi bomba, ambaye alikubali yote, akaongeza kwamba Mama alimwapisha asiseme, na kwamba alitolewa kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Maneno yao yalilingana na hawakuwa wamepata nafasi ya kupatana.

Aliporudi alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Siri ilikuwa imefichwa, naam, tena ilifichwa kwa bidii, lakini aliyefichwa alikuwa Mwalimu.

"Na semina yake inaisha lini?" aliuliza Mama. "Magoti yangu yanamshukuru kwa ile mashine, sijapata hata kumtumia salamu."

Mama alimwangalia binti yake wa kumzaa, akamwangalia mwanawe, na mama huwa hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani, Mama," alisema Tuseme. "Anashukiwa alitaka kukuua."

Kaka mkubwa alianza kueleza. Alisema aliogopa, alimwona mama yake na povu mdomoni, hakuweza kukaa bila kufanya kitu. Sauti yake ya misumeno ilikatika katikati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa mwanawe.

"Wewe ndiye uliyempeleka," alisema. "Nenda kamlete."

Tuseme alimpigia mkuu wa kituo. Mkuu alilalamika, jalada limeshafungwa kwa kamba, kisha akauliza maswali mawili ya maana, akajibiwa, akasema mtu atoke, ila apate maelezo ya Mama yaliyosainiwa kabla jua halijazama. Wakati wakingoja, nje ilinyesha, ikaanuka, jua likatoka, likajificha. Fundi wa viyoyozi alipiga simu kuuliza afanye nini na bafu. Alikuwa ameshaizibua ncha ya bomba na kuutoa ule mtungi. Mashine ibaki, alisema, ni nzuri, na chumba kiendelee kuzibwa, ila atoboe tundu moja la hewa kwa mpango. Kwa maji ya moto alikuwa akifikiria tangi la jua la kuweka juu ya paa, linalotunza joto mpaka asubuhi. Tuseme akamkatiza.

"Usinieleze mimi. Anayeoga huyu hapa."

Akampa Mama simu. Mama alihojiana na fundi kwa muda mrefu. Alitaka kujua siku za ukungu mfululizo inakuwaje, akaambiwa umeme husaidia kidogo, akasema hiyo sawa. Akataka bomba lisipite juu ya maua. Fundi akakubali yote, na mwishoni alisikika akicheka.

Kisha wakaja. Kaka mkubwa alitangulia, amebeba mkanda na saa ya shemeji yake, vitu alivyorudishiwa mapokezi ya kituo. Mwalimu mwenyewe alikuwa bado hajavivaa, suruali ameishika kwa mkono. Mkewe alimkumbatia ukumbini, mbele ya wauguzi, bila kujali nani anaona. Halafu Mwalimu akaingia wodini, akasimama mbali, karibu na miguu ya kitanda, macho sakafuni kama kawaida.

"Wewe," alisema Mama. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje, Mama?"

Mama alifungua mdomo ajibu, akaufunga.

"Na mimi ningekuambiaje," alisema, na hapo akaanza kucheka, cheko la kifua kibovu lenye kikohozi, mpaka daktari akachungulia. Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja. Kaka mkubwa akamwomba radhi shemeji yake, papo hapo, kwa maneno machache, na Mwalimu akasema yamekwisha. Yalikuwa hayajaisha yote, hayo huchukua muda, lakini mkono alimpa.

Tuseme akakohoa. Ilibaki shughuli ya serikali. Alimweleza Mama kwamba sheria inamtaka aseme mwenyewe kama ana lalamiko dhidi ya mtu yeyote kwa yaliyompata, na alisemalo ndilo litakaloandikwa. Sajenti akaandaa kalamu.

"Andika," alisema Mama. "Andika kwamba mwanangu hakutaka nisikie baridi."

Sajenti aliandika, kisha akasita, kwa sababu maelezo ya polisi hayapendi utata, na wanaume wa familia hiyo walikuwa wawili pale chumbani.

"Mwanao yupi, Mama?"

Mama alinyoosha kidevu kuelekea miguuni pa kitanda.

"Huyo anayeogopa kukaa," alisema. "Mpeni kiti."